SI NI KOILI TU? Koili ya kuamsha mishipa ya fahamu inavyofanya kazi, na kwa nini bangili ya sumaku ni changa la macho

Leo sina habari ya siasa wala ya bei ya pamba. Nina somo, na ni refu kidogo, kwa hiyo kama umelipia nusu saa tu hapo kafe ongeza kabisa au kopi usome nyumbani. Najua wengine hapa mnapenda picha kuliko maneno, mnisamehe.

Limeanzia kwa mama mdogo wangu, anaishi Itilima. Miguu ilikuwa inamfanyia ganzi muda mrefu. Siku ya mnada akapita muuzaji mmoja na begi, anauza bangili na mikanda ya sumaku, anasema "inaamsha mishipa ya fahamu, teknolojia ya Ulaya". Mama mdogo akatoa shilingi 60,000, hela ya pamba hiyo, akavaa bangili mguuni kabisa. Miezi mitatu baadaye akakanyaga msumari hakusikia. Kidonda kikaoza, ndipo akapelekwa hospitali na kukutwa sukari iko juu sana. Kidole kimoja kikakatwa. Sasa hivi anatumia dawa na anaendelea vizuri, lakini kidole ndio kimeenda.

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba yule muuzaji alichanganya ukweli na uongo. Mashine ya kuamsha mishipa ya fahamu kwa sumaku ipo kweli, na ina zaidi ya miaka 40. Ila haifanani kabisa na bangili. Nikaanza kusoma. Halafu nikamweleza fundi mmoja hapa Bariadi, karibu na stendi, ambaye kazi yake ni kusuka upya mota zilizoungua, nyingi za vinu vya kuchambua pamba na za kusaga unga. Akanisikiliza, akacheka: "Sasa mdogo wangu, hiyo si ni koili tu? Mi nasuka koili kila siku. Niletee vipimo."

Makala hii ni majibu yangu kwa fundi. Kwa heshima yote, kaka: ni koili, lakini sio koili tu.

SUMAKU ILIYOTULIA HAIFANYI KITU

Mwaka 1831 Mwingereza Michael Faraday aligundua kwamba sumaku ikikaa karibu na waya haitoi umeme. Umeme unatokea pale nguvu ya sumaku INAPOBADILIKA. Ndio maana dinamo ya baiskeli yako inawasha taa ukikanyaga pedeli, ukisimama taa inazima. Sumaku iliyomo ndani haijaisha nguvu, imeacha kuzunguka tu.

Mwili nao unapitisha umeme, kwa sababu ya maji na chumvi. Ukibadilisha nguvu ya sumaku haraka sana jirani na mkono, ndani ya nyama kunazaliwa umeme mdogo, na umeme huo ukiwa mkubwa kiasi cha kutosha unaamsha neva. Ngozi na mfupa haviizuii sumaku, inapita kama vile havipo. Hiyo ndiyo sifa yake kubwa: ukimshtua mtu kwa waya juu ya ngozi anasikia maumivu, kwa koili anasikia msuli unaruka tu na kama kakofi kadogo.

Haraka kiasi gani? Mashine hizi zinafikisha nguvu ya sumaku kama tesla 2 ndani ya muda usiofika sehemu 1 ya 10,000 ya sekunde. Ukipiga hesabu ya kasi ya mabadiliko unapata zaidi ya tesla 30,000 kwa sekunde. Sasa chukua bangili. Sumaku yake pale juu kabisa tuseme ina tesla 0.1, halafu mama anatembea, mguu unayumba. Ukikisia kwa ukarimu kabisa unapata tesla 1 kwa sekunde. Yaani kati ya bangili na mashine kuna tofauti ya mara 30,000. Hapo hatujazungumzia bangili ambayo haichezi kabisa, hiyo ni sifuri.

Na hata mashine ya kweli, tuelewane, inaamsha neva iliyo hai. Neva iliyoharibiwa na kisukari haifufui. Dawa ya mama mdogo ilikuwa kupima sukari, kipimo cha tone moja la damu.

WALIOANZA

Mwaka 1965 watafiti wawili, Bickford na Fremming, waliamsha neva kwa sumaku kwa vyura, sungura na watu. Halafu kimya kirefu. Mwaka 1982 kikundi cha Sheffield, Uingereza (Polson, Barker na Freeston) kilichapisha kazi yao ya kuamsha neva za mkono na kurekodi msuli ukijibu. Mwaka 1985 Anthony Barker na wenzake wakaweka koili kichwani na vidole vya mkono vikaruka. Dunia nzima ya madaktari wa neva ikashtuka.

Sasa ushangae. Mwaka huohuo wa 1985, hapa jirani zetu Tarime, mkoa wa Mara, watu walikuwa wanapooza miguu ghafla. Ulikuwa mwaka wa ukame na njaa, chakula kilichobaki ni mihogo michungu, na kwa sababu ya njaa watu walifupisha siku za kuiandaa. Sumu ya sianidi ikabaki ndani ya unga. Ugonjwa unaitwa konzo, jina limetoka kwa Wayaka wa Kongo na maana yake ni miguu iliyofungwa. William Howlett, Glen Brubaker wa hospitali ya Shirati, Mlingi wa Tanzania na Hans Rosling wa Sweden waliuchunguza na kuchapisha mwaka 1990.

Swali lilikuwa hili: umeme wa mwili umekatikia wapi? Kwenye neva za mguu au juu zaidi, kwenye njia itokayo kwenye ubongo? Fundi wa umeme anaelewa hapo, ni sawa na kutafuta waya umekatika kwenye nguzo au ndani ya nyumba. Mwaka 1993 Thorkild Tylleskär na wenzake walichapisha vipimo vya wagonjwa wa konzo vilivyotumia koili. Wakipiga sumaku kichwani msuli haujibu, hata kwenye mikono ambayo imeathirika kidogo tu. Picha za ubongo na uti wa mgongo zilikuwa za kawaida. Kwa hiyo tatizo ni njia ya juu, sio neva za mguu. Mashine ya Sheffield ikajibu swali la watu walioumwa mwaka ilipozaliwa. Mi niliposoma hapo nilikaa kimya dakika nzima.

SASA KOILI YENYEWE

Mashine ni kapasita kubwa, swichi ya kielektroniki (thairista) na koili. Kapasita inajazwa polepole, swichi inafungwa, umeme wote unamwagika kwenye koili kwa pigo moja. Tuchukue mfano wa kufanyia hesabu: kapasita ya mikrofaradi 200, volti 1,500, koili ya mikrohenri 16. Mkondo unafika kama ampea 5,300, na mzunguko mmoja unaisha kwa mikrosekunde 355 hivi. Nishati iliyomo kwenye kapasita ni joule 225. Shikeni hiyo namba, nitairudia.

Koili nzuri ni ile inayoamsha neva kwa nishati ndogo zaidi. Fundi aliposikia hivyo akasema mara moja: "Basi ongeza mizunguko." Kwenye akili ya kusuka mota inaonekana sawa. Lakini haisaidii! Ukizidisha mizunguko mara 2, mkondo unaohitaji kwa sumaku ileile ni nusu, sawa. Ila uzito wa koili kwa umeme, ile henri yake, unapanda mara 4. Nishati ni nusu ya henri mara mkondo mara mkondo. Nne mara nusu mara nusu ni moja. Umerudi ulipokuwa, na volti zimepanda mara 2. Mizunguko unaichagua ili koili ipatane na kapasita na swichi uliyonayo, basi. Hapa fundi alikaa na kalamu kama robo saa, akakubali.

Kinachopunguza nishati kweli ni umbo la koili, ukaribu wake na neva, na ufupi wa pigo.

Tuanze na ukaribu maana ndio unaopuuzwa. Koili ya duara yenye nusu kipenyo cha sentimita 2.5, ukipima katikati yake, kwenye kina cha sentimita 2.5 imebaki na 35% ya nguvu ya juu. Koili ya sentimita 5 kwenye kina hichohicho imebaki na 72%. Kwa hiyo neva iliyo juujuu, kama ile ya kwenye kifundo cha mkono, koili ndogo inatosha. Neva iliyozama, kama ya paja au ile inayoendesha kiwambo cha kupumulia, koili ndogo inachemka bure. Na plastiki ya kufunika koili kila milimita yake unailipia. Ukiifanya nene kwa uoga unapoteza nguvu, ukiifanya nyembamba volti 1,500 ziko pembeni ya ngozi ya mgonjwa. Hata waya wa kutoka kwenye mashine kwenda kwenye koili nao ni koili isiyo na kazi. Inabidi nyaya za kwenda na kurudi zibanane au zisokotwe.

Ufupi wa pigo: neva inavuja kama ndoo iliyotoboka. Ukimwaga maji taratibu haijai. Muda wake wa kuvuja ni mikrosekunde mia moja na kitu. Pigo likiwa fupi nishati ya sumaku inayohitajika inapungua, lakini volti inabidi ziongezwe. Ndio ugomvi wa kudumu wa wabunifu, volti dhidi ya joto.

NG'OMBE NA UA WA MINYAA

Umbo ndio utamu wenyewe. Watu wengi wanadhani neva inaamka katikati ya koili. Chini ya koili ya duara, umeme unaozaliwa mwilini nao unazunguka duara, unakuwa mkubwa chini ya nyaya zenyewe, na KATIKATI NI SIFURI. Ukiweka tundu la koili juu ya neva kama unalenga shabaha, umeikosa.

La pili ni gumu zaidi. Kwenye neva ndefu iliyonyooka, ukubwa wa umeme hautoshi. Fikiria ng'ombe wanapita kwenye njia yenye ua wa minyaa pande zote mbili, wanaelekea lambo. Wakienda wote kwa mwendo mmoja, hata wakikimbia, ua haubomoki. Lakini wa mbele wakipunguza mwendo, wa nyuma wanarundikana, na hapo ndipo ua unapobomoka. Umeme ndani ya neva ni hivyohivyo. Neva inaamka pale umeme unaokwenda kandokando yake UNAPOPUNGUA, sio pale ulipo mkubwa. Bradley Roth na Peter Basser waliionyesha hesabu hiyo mwaka 1990.

Ndio maana koili ya umbo la namba 8, ambayo Ueno na wenzake wa Japani waliitangaza mwaka 1988, ni nzuri lakini ina kaujanja. Duara mbili, mikondo inazunguka kinyume, katikati umeme unajumlishana na kuwa mkali sehemu ndogo. Kwa ubongo safi. Kwa neva ya mkono inatakiwa uilaze ili ile sehemu ya katikati ifuate neva, na ujue kwamba neva inaamka sentimita kadhaa pembeni ya katikati, kule umeme unakopungua. Daktari anayepima kasi ya neva anahitaji kujua pigo limeanzia wapi hasa, akikosea sentimita 2 kipimo chake ni uongo. Wakabuni koili ya majani manne: miviringo minne midogo, iliyopangwa ili sehemu ya mteremko mkali iwe katikati kabisa.

Kitu kingine: neva ikipinda, au ikipita kwenye tundu la mfupa kama pale inapotoka uti wa mgongo, inaamka kirahisi zaidi hapohapo, kwa sababu mwelekeo umebadilika ghafla. Ng'ombe tena, wanafika kwenye kona.

Hata hivyo hospitali nyingi zinapopima kasi ya neva za juujuu bado zinatumia umeme wa kawaida kwenye ngozi, kwa sababu ni rahisi na unajua umeanzia wapi. Koili inashinda kwenye neva za ndani. Mwaka 1998 Marekani iliruhusu kiti chenye koili chini yake kwa wanawake wasioweza kuzuia mkojo: mama anakaa na nguo zake zote, misuli ya nyonga inafanyishwa mazoezi. Kiti hicho kingewafaa wengi kuliko tunavyofikiri, ila hapa kwetu ni habari ambayo watu hawaisemi hadharani.

JOTO, KELELE NA CHUMA

Mota yako, kaka, inatumia hezi 50. Pigo la koili hii ni sawa na hezi 3,000 hivi. Mkondo wa kasi hiyo haupendi kupita katikati ya waya, unakimbilia juu juu: kwenye shaba unazama milimita 1.2 tu, wakati kwa hezi 50 unazama kama milimita 9. Kwa hiyo waya mnene wa mviringo ni shaba ya bure. Wanatumia utepe bapa wa shaba uliosukwa kwa kusimama, au waya wa nyuzi nyingi nyembamba zilizofunikwa kila mmoja.

Tuseme kila pigo linaacha joule 40 ndani ya koili, na unapiga mara 10 kwa sekunde. Hizo ni wati 400. Nusu kilo ya shaba inapanda nyuzi 2 kila sekunde. Sekunde 20 tu unaanza kumuunguza mgonjwa. Kwa hiyo kuna koili za kupozwa kwa maji, mafuta au feni, na mashine zenye pigo la kwenda na kurudi ambazo zinarudisha sehemu ya nishati kwenye kapasita badala ya kuichoma yote.

Chuma kinasaidia. Koili nyingi ni za hewa tupu kwa sababu chuma "kinashiba" kikikaribia tesla 2. Lakini Charles Epstein na Kent Davey walionyesha kwamba koili yenye kiini cha chuma inahitaji nishati ndogo na inapunguza joto. Mashine ya NeuroStar, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2008 kutibu sonona, ina koili ya namna hiyo. Hapo fundi alifurahi, maana kiini cha mabati membamba yaliyopangwa anakijua vizuri.

Na kelele. Mkondo wa ampea 5,000 unazifanya nyaya zisukumane, koili inataka kupasuka kwenda nje kila pigo. Inatoa mlio mkali kama mjeledi, mgonjwa na daktari inabidi wazibe masikio. Gundi hafifu itaachia.

USIJARIBU HII, JARIBU HII

Nimeona vijana mtandaoni wanatengeneza hizi kwa kapasita za kufumulia. Jamani. Ile namba niliyosema mshike: joule 225. Mashine ya hospitali ya kushtua moyo inatoa kati ya joule 150 na 360. Tofauti ni kwamba ile inapigwa na mtu aliyesomea, kwa moyo uliochanganyikiwa. Yako itapiga moyo unaofanya kazi. Kapasita inabaki na moto hata ukichomoa plagi. Na mwenye betri ya moyo au chuma mwilini hatakiwi hata kukaribia. Nilimwambia fundi hivyo, akanyamaza, halafu akasema alishawahi kuona mwenzake akirushwa na kapasita ya mota ya volti 400 tu.

Badala yake tulifanya hivi, na hata wewe unaweza. Suka mizunguko 20 ya waya kwenye duara la nusu kipenyo cha sentimita 5. Unganisha na amplifaya ya spika, weka rezista ya ohmu 4 ya wati 10 kwa kufuatana ili amplifaya isiungue. Simu yako icheze mlio wa hezi 3,000, programu za bure zipo. Sasa kwenye makaratasi magumu suka viduara vya kupimia vya mizunguko 10 kila kimoja: sentimita 2, 3, 4, 5, 6, 7. Kimoja kimoja kiweke juu ya koili, katikati sawasawa, kimeachana nayo kwa sentimita 1, upime volti za AC. Mita ya bei rahisi haisomi sawasawa kwenye hezi 3,000, lakini kwa kulinganisha inatosha. Kila jibu ligawe kwa urefu wa mzingo wa kiduara chake. Namba unayopata ndiyo inayolingana na umeme ambao ungezaliwa kwenye nyama mahali pale.

Kwetu namba zilipanda kutoka katikati, zikawa kubwa karibu na sentimita 5, zikashuka. Fundi akarudia mara tatu, haamini. Halafu akachukua waya, akaanza kukunja namba 8 bila kuniuliza.

Duara za kupimia namba 8 hazifanyi kazi kwa njia hii kwa sababu umbo sio la duara, na hapo ndipo tulipokwama Jumamosi. Mwenye wazo la kupima bila vifaa vya gharama aandike hapo chini kwenye maoni. Na kama yule muuzaji wa bangili amepita Maswa, Meatu au Busega, semeni pia alikuwa anauza shilingi ngapi.

Nawasilisha.